Silabi ya Mwisho

Hita ya mahakama inanguruma tangu asubuhi
lakini Saturnina Ccorahua hajavua shali.
Amekaa basini saa kumi na tisa kutoka Sallqamayu,
viazi vikavu kafunga kwenye kitambaa,
maana hakujua kama mjini shahidi hulishwa.

Mimi niko katikati, kiti cha plastiki.
Kushoto yeye. Kulia Jenerali Barrenechea,
Rais wa miaka minane, sasa mshtakiwa wa kwanza,
blanketi magotini, na sikioni kifaa cha kusikilizia
ambacho hukizima akichoka nasi.

Miaka saba walibishana kama anashtakika.
Kinga, walisema. Umri. Moyo wake mbovu.
Kinga ikang'oka kwa kura moja tu,
kama gego: kwa damu na kelele.

Leo mama huyu anasema helikopta ilitua uwanja wa shule.
Anasema walimchukua kaka yake, Hermógenes,
mguu mmoja una kiatu, mmoja hauna.
Kwa lugha yetu huwezi kusema hivyo ukanyamaza.
Kikechua hakikuachii mlango wa uani,
lazima neno liseme limetoka wapi.
Tia *mi*: nilikuwapo, jicho hili lilikuwapo.
Tia *si*: nimeambiwa, ndivyo wasemavyo watu.
Mtoto wa miaka minne anajua,
na akichanganya, bibi yake anamfinya sikio.

*Mi*, anasema Saturnina, kuhusu helikopta.
*Mi*, kuhusu kiatu.

Kihispania hakina pa kuiweka silabi hiyo.
Basi natafsiri: "Ilitua, nami niliiona kwa macho yangu."
Wakili wa utetezi yuko wima tayari, tai ya hariri:
"Pingamizi! Mkalimani anaongeza maneno."
Jaji ananitazama juu ya miwani.
Mheshimiwa, nasema, sijaongeza. Nimekataa kupunguza.
Karani kaacha kuchapa.
"Endelea," anasema jaji.

Kisha zamu ya kulia.
Amri ya tarehe kumi na nne, saini ya wino wa kijani?
Sikumbuki.
Uwanja wa shule?
Niliarifiwa baadaye.
Watu arobaini na watatu?
Yasemekana.
Namnong'onezea Saturnina kila jibu,
na kila jibu linaangukia *si*, lenyewe, bila mimi.
*Si. Si. Si.*
Mtu aliyeitawala nchi kutoka theluji hadi msituni
hakuona kitu kwa macho yake.
Saturnina ananiinamia: "Kwani huyu alikuwa akiishi wapi?"
Sikulitafsiri hilo. Aliniuliza mimi, si mahakama.
Mpaka leo linaniwasha.

Saa kumi jioni Jenerali anaomba kusimama.
Askari wanamshika viwiko.
Kwa mara ya kwanza anamgeukia:
"Mama, zilikuwa nyakati mbaya. Sisi tuliteseka."

Hapo ndipo ulimi uliponikwama.
Kwetu *sisi* ziko mbili.
Moja inamvuta msikilizaji asogee motoni,
nyingine inamfungia nje na baridi yake.
Kihispania kinayo moja, pana kama koti la kuazima,
na mzee huyu kalivaa bila kuangalia ndani.

Saturnina anangoja mdomo wangu.
Nikimwingiza, nimemkalisha meza moja
na wino wa kijani.
Nikimwacha nje, nimemtolea mtu hukumu
kabla ya jaji, na mimi si jaji,
mimi ni mtoto wa muuza sufu mwenye kibali cha wizara.

Nainua mkono.
"Mheshimiwa, naomba mshtakiwa afafanue.
Sisi gani?"

Chumba kizima kinageuka kulia.
Jenerali anapeleka kidole sikioni,
polepole, kama mtu anayezima taa
akidhani wengine wote wamekwisha lala.